Filta ya hewa ya nyumba nzima: dalili za matatizo na pa kuanzia ukaguzi

Malalamiko kuhusu filta za hewa za nyumba nzima ni yaleyale kila mara. Mtu amefunga filta nzuri, ghali kuliko ya zamani, na vumbi liko palepale. Au upepo umefifia chumbani. Au mashine imeanza kupiga mluzi usiku. Mara nyingi filta yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye njia ya hewa: hewa inapita pembeni, au haipiti ya kutosha, au feni imebebeshwa mzigo isioumudu.

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye mashine moja inayovuta hewa kutoka vyumbani, kuipitisha kwenye filta, kuipoza au kuipasha joto, kisha kuirudisha vyumbani kwa mabomba ambayo mafundi huyaita dakti. Kama una viyoyozi vya ukutani, kila chumba na chake, hakuna dakti ya kufungia filta ya nyumba nzima. Ule wavu ulio ndani ya kiyoyozi cha ukutani unailinda koili tu, yaani mirija yenye mapezi inayopoza hewa. Kitakachokufaa wewe ni mashine ya kusafisha hewa ya kuweka chumbani, na hayo ni mazungumzo mengine.

Kabla ya kufungua chochote

Zima mashine kwenye kidhibiti joto, halafu zima na breka yake. Kidhibiti joto peke yake hakitoshi, kwa sababu mashine inaweza kujiwasha wakati mkono wako uko ndani. Vifaa unavyohitaji ni vichache: tochi, futi ya kupimia, karatasi ya tishu na kalamu ya wino mzito. Mlango wa filta ni wako kufungua. Kifuniko chenye skrubu kinachoficha nyaya na kapasita si chako, maana kapasita hubaki na chaji hata umeme ukiwa umekatwa.

Filta ni mpya, vumbi ni lilelile

Swali ninaloanza nalo halihusu filta kabisa: feni inazunguka muda gani kwa siku? Nyumba nyingi kidhibiti joto kimewekwa kwenye "AUTO", yaani feni inawaka pale tu nyumba inapohitaji kupozwa au kupashwa joto. Siku yenye hali nzuri ya hewa inaweza isifikishe robo saa ndani ya saa nzima. Filta haiendi kulitafuta vumbi, inasubiri iletewe.

Fanya hesabu ndogo. Nyumba ya mita za mraba 150 yenye dari ya mita 2.7 ina takriban mita za ujazo 405 za hewa. Mashine inayosukuma mita za ujazo 1,600 kwa saa itaipitisha hewa hiyo yote kwenye filta karibu mara nne kila saa. Ikizunguka robo saa tu, ni mara moja. Hakuna filta itakayofidia hizo mara tatu zilizopotea, hata uinunue kwa bei gani. Kwa hiyo jaribu kwanza kuweka feni kwenye "ON", au kwenye mpangilio wa kuzungusha hewa kwa dakika 20 hadi 30 za kila saa kama kidhibiti chako kinao, kisha uishi nayo hivyo wiki mbili kabla ya kununua kitu kingine.

Kuna tahadhari moja hapa. Wakati wa unyevu mwingi, kompresa inapopumzika huku feni ikiendelea, maji yaliyobaki kwenye koili hukauka na kurudi vyumbani kama mvuke. Ukiona unyevunyevu wa ndani unapanda juu ya asilimia 60, rudisha "AUTO" na utafute njia nyingine.

Kama feni inazunguka vya kutosha, shuku upenyo. Chomoa filta uitazame kingo zake, usitazame katikati. Katikati panapaswa kuwa na kijivu kilichoenea sawasawa. Ukiona upande mmoja wa fremu una mstari mweusi mwembamba kama wanja, hapo ndipo hewa ilipokuwa ikijipenyeza bila kuchujwa. Pitisha kidole kwenye reli za ndani, upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka cheusi, jibu umelipata. Irudishe filta mahali pake, umulike tochi kutoka upande mmoja wakati mtu mwingine anachungulia upande wa pili. Mwanga unaopenya kando ya fremu ni mlango wa vumbi.

Chanzo cha upenyo huo kwa kawaida ni vipimo. Namba zilizoandikwa kwenye fremu ni za kukadiria. Filta iliyoandikwa inchi 20 kwa 25 kwa 1 mara nyingi hupima kama 19.5 kwa 24.5 kwa 0.75. Pima filta yenyewe, pima na nafasi yake, usiamini maandishi. Nafasi ndogo inazibwa kwa utepe wa sponji wenye gundi unaobandikwa kwenye reli, na mlango wa filta unazibwa kwa tepu ya aluminiamu ambayo utaikata na kubandika upya kila unapobadilisha. Usisokomeze vitambaa: vikilegea vinavutwa hadi kwenye feni.

Baada ya hapo fuata dakti ya kurudisha hewa, ile inayotoka vyumbani kwenda kwenye mashine. Ndani yake mna mvuto, kwa hiyo kila ufa unafyonza kilicho jirani: vumbi la darini, nyuzi za sufi ya kuzuia joto, hata moshi wa gari kama bomba linapita gereji. Ufa ukiwa baada ya filta, uchafu huo unaingia moja kwa moja nyumbani. Washa feni, uwashe kijiti cha udi, ukipitishe polepole kwenye maungio. Pale moshi unapoinama na kutoweka ndani ya bomba, weka alama kwa kalamu. Zima feni, safisha, uzibe kwa tepu ya aluminiamu au lami maalumu ya dakti. Ile tepu ya kitambaa wanayopenda watu kufungia kila kitu hubanduka kwenye joto, nami nimeshaibandua nyingi zilizokauka kama ganda la vitunguu.

Hapa kuna mahali pawili pa kusimama. Kama nyumba ni ya zamani na dakti imefungwa kwa kitu cheupe au kijivu chenye nyuzi kama bandeji ya plasta, huenda ni asbesto. Usiikwangue wala kuikata, mwite mtaalamu wa asbesto. Na kama mashine au dakti ya kurudisha hewa iko chumba kimoja na hita ya maji ya gesi au kifaa chochote kinachochoma mafuta, kazi hiyo mwachie fundi. Mvuto wa feni unaweza kurudisha moshi wa kifaa hicho ndani badala ya kuuacha utoke nje kwa bomba lake, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na haizuiwi na filta yoyote.

Njia yote ikiwa salama na bado unafuta meza kila asubuhi, fikiria vumbi lenyewe. Chembe ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka kwenye hewa tulivu kama milimita 3 kwa sekunde. Ukikung'uta shuka, chembe hiyo iliyo usawa wa kifua itakuwa sakafuni kabla ya dakika kumi kuisha. Chembe ya mikroni moja inaweza kuelea karibu saa kumi na mbili. Maana yake, vumbi unaloliona mezani ni lile zito lililotua kabla ya kuifikia filta, na lile ambalo filta inalikamata vizuri wewe huwezi kuliona. Dawa ya vumbi la mezani ni kuvua viatu mlangoni, kupunguza mazulia na kufuta kwa kitambaa chenye unyevu. Inakera kumwambia hivyo mtu aliyekwisha lipia filta, lakini ndivyo ilivyo.

Daraja la filta huwa nalifikia mwishoni. Kipimo cha MERV kinachotokana na kanuni ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa upozaji na upashaji joto cha Marekani, huenda kutoka 1 hadi 16, na kinaangalia chembe za ukubwa wa aina tatu. MERV 8 inatakiwa kukamata angalau asilimia 70 ya chembe za mikroni 3 hadi 10, lakini haidaiwi chochote kwa chembe zilizo chini ya mikroni 1. MERV 13 inatakiwa kukamata angalau asilimia 50 ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1, asilimia 85 ya zile za 1 hadi 3, na asilimia 90 ya zile kubwa zaidi. Kama shida yako ni moshi au mtu mwenye pumu, 13 ndiyo daraja la kulenga. Kama shida ni vumbi la kawaida, 8 hadi 11 inatosha. Kwingine utakuta lebo za ISO 16890 zenye maneno kama ePM1 na asilimia pembeni yake. Hizo zinakwambia filta inakamata kiasi gani cha chembe za hadi mikroni 1.

Kuhusu kusafisha dakti: ndilo jambo la kwanza utakalouziwa, na kwangu ni la mwisho. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inasema wazi kwamba kusafisha dakti hakujawahi kuthibitishwa kuzuia matatizo ya kiafya. Kuna sababu halali za kusafisha: ukungu unaoonekana kwa macho, panya au wadudu, au taka za ujenzi zilizoziba njia.

Upepo umefifia, vyumba havipoi, koili inaganda

Hii ndiyo sehemu ambayo mtu anaweza kuua mashine, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Anza na ya kijinga. Je, plastiki ya kufungia filta ilitolewa? Usicheke, nimeikuta zaidi ya mara moja. Je, mshale kwenye fremu unaelekea kwenye feni? Je, kuna filta mbili? Hili hutokea sana: kuna filta nyuma ya wavu wa darini ambayo kila mtu ameisahau, na nyingine kwenye mashine, na feni inahema kupitia zote mbili. Toa moja. Je, kuna midomo ya hewa iliyofungwa kwenye vyumba visivyotumika? Ifungue. Kufunga midomo hakuokoi chochote, kunaongeza shinikizo tu ndani ya dakti. Je, sofa imesukumwa ikaziba mdomo wa kuvuta hewa?

Kisha fanya jaribio la dakika tano. Shika karatasi ya tishu mbele ya mdomo wa hewa wa chumba cha mbali zaidi, feni ikiwa inazunguka bila kupoza, uone inainuka kiasi gani. Zima, toa filta, washa tena, rudia palepale. Tishu ikiruka kwa nguvu zaidi sana, filta ndiyo inayokaba. Isipobadilika, filta haina hatia: tafuta koili chafu, bomba laini lililojikunja darini au feni iliyojaa uchafu. Irudishe filta mara moja. Mashine inayozunguka bila filta inahamishia vumbi kwenye koili yenye maji, na huko linageuka tope.

Filta ikiwa ndiyo inayokaba na bado ni safi, umechagua filta nzito kwa nafasi ndogo. Kosa hili nimelifanya kwangu mwenyewe. Nilichukua MERV 13 nyembamba ya sentimita 2.5 nikaichomeka palipokuwa na filta ya wavu hafifu, nikajiona mjanja. Siku kumi na moja baadaye niliamshwa na tone la maji. Nilipofungua, bomba la gesi ya kupozea lilikuwa limevaa barafu nyeupe unene wa kidole gumba, na koili nyuma yake ilikuwa kama ukuta wa friji ya zamani.

Kinachotokea ni hiki: hewa ikipungua, koili haipati joto la kutosha kutoka vyumbani, inashuka chini ya nyuzi 0, na unyevu ulio juu yake unaganda. Barafu inaziba njia zaidi, hewa inapungua zaidi. Ukifika hapo, zima kupoza na uache feni peke yake iyeyushe. Itachukua saa kadhaa, wakati mwingine usiku mzima. Tandika taulo. Usichokonoe barafu kwa bisibisi wala kisu, kwa sababu chini yake kuna mapezi laini na mirija ya gesi.

Koili ikishayeyuka na filta nyepesi ikiwekwa, pima joto la hewa inayoingia na inayotoka baada ya dakika 15 za kupoza. Tofauti ya kawaida ni nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi. Ikizidi hapo sana, hewa bado ni chache. Ikiwa ndogo kuliko hapo na barafu inarudi, shuku gesi ya kupozea imepungua, na hapo kazi yako imekwisha: mwite fundi. Gesi hiyo haiishi kwa matumizi. Ikipungua kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza tu bila kutafuta tundu atarudi kukutoza tena.

Kwenye nyumba zinazopashwa joto kwa tanuri, dalili ileile huja kwa sura nyingine: moto unawaka, unazimika baada ya dakika chache, feni inaendelea, moto unawaka tena. Ni swichi ya usalama inayokata kwa sababu tanuri limepata joto kupita kiasi. Badilisha filta. Ikiendelea, zima na uite fundi. Asitokee mtu wa kukushauri uiunganishe swichi hiyo moja kwa moja ili isikate.

Sasa hesabu ya kuchagua, ambayo ingetakiwa kufanywa dukani. Gawanya kiasi cha hewa ya mashine kwa eneo la uso wa filta. Mita za ujazo 1,600 kwa saa ni sawa na 0.44 kwa sekunde. Filta ya sentimita 40 kwa 63 ina eneo la mita za mraba 0.25, kwa hiyo hewa inaupiga uso wake kwa mwendo wa karibu mita 1.8 kwa sekunde. Hiyo ni kasi kubwa kwa filta nzito. Filta ya 50 kwa 63 inaushusha mwendo hadi 1.4. Mimi hupenda ubaki chini ya 1.5. Kama hujui mashine yako inasukuma kiasi gani, kadiria mita za ujazo 680 kwa saa kwa kila BTU 12,000 za kupoza.

Njia nyingine ya kupata eneo ni unene. Filta ya sentimita 10 au 12.5 ina mikunjo mirefu, kwa hiyo ina kitambaa kingi zaidi ndani ya fremu yenye uso uleule. MERV 13 ya unene huo mara nyingi inapitisha hewa kwa urahisi kuliko MERV 11 nyembamba, na inadumu miezi 6 hadi 12 badala ya mmoja hadi mitatu. Inahitaji kasha lake, na kufunga kasha ni kukata dakti ya bati, kuliweka sawasawa na kuziba pande zote. Kwa mtu aliyezoea kukata bati inawezekana. Kwa wengine ni siku moja ya fundi, na kwa maoni yangu hizo ndizo pesa zinazolipa kuliko zote katika habari hii.

HEPA, filta nzito kuliko hizi zote, ni jambo lingine. Inakamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, lakini ukiichomeka kwenye nafasi ya filta ya kawaida, feni haitaweza kuivuta. HEPA ya nyumba nzima hufungwa pembeni ikiwa na feni yake yenyewe, ikichota sehemu ya hewa kutoka dakti ya kurudisha, kuisafisha na kuirudisha.

Fundi akija, mwombe apime shinikizo kwa manomita na akuonyeshe namba. Angalia kibandiko cha mashine: nyingi zimepangiwa jumla ya paskali 125 hivi kwa vitu vyote vya nje yake, yaani dakti, midomo na filta pamoja. Filta peke yake ikila zaidi ya 50, imekula haki ya wengine. Hapohapo utaelewa kwa nini bili ya umeme imepanda: mota za kisasa zinazojirekebisha huongeza nguvu ili kushindana na kizuizi, na umeme unakwenda nayo. Mota za zamani hazishindani, zinaacha tu upepo upungue.

Kelele

Mluzi mwembamba unaoanza siku ulipobadilisha filta ni hewa inayobanwa kwenye upenyo. Sukuma mlango wa filta kwa kiganja. Mluzi ukikoma, umepata mahali pa kubandika tepu. Usipokoma, rudi kwenye hesabu ya eneo hapo juu.

Kishindo kimoja cha bati feni inapowaka au kuzima ni dakti inayobonyea kwa mvuto na kurudi. Ikiwa kimeanza baada ya filta nzito, ujumbe ni uleule. Mtikisiko kama wa karatasi inayopigwa na upepo mara nyingi ni fremu ya kadibodi iliyolegea. Itoe haraka, kwa sababu filta iliyopinda inaweza kuvutwa ikaingia kwenye feni. Msuguano wa chuma kwa chuma ni wa kuzima breka na kuita fundi siku hiyohiyo.

Filta inachafuka upesi mno, au haichafuki kabisa

Wiki tatu na imekuwa nyeusi: kulikuwa na ujenzi, kuta zilikwanguliwa, au kuna wanyama wanaopukutisha manyoya. Vumbi la plasta linaziba filta ndani ya siku chache. Wakati wa ujenzi zima mashine na ufunike midomo ya kuvuta hewa. Kama hakuna lolote kati ya hayo, rudi kwenye kijiti cha udi: dakti inafyonza darini kabla ya filta.

Miezi mitatu na bado nyeupe: usifurahi. Ama feni haizunguki, ama hewa inapita kando. Nyumba inayokaliwa na watu haikosi vumbi.

Filta za nyuzi zenye chaji ya umeme tuli zina ugeni wake. Zikiwa mpya zinakamata kwa chaji pamoja na nyuzi, na chaji inapungua kadiri zinavyotumika. Kuzifyonza kwa mashine ya vumbi au kuziosha hakurudishi chaji, kunaziharibu tu. Zinazooshwa ni zile zilizoandikwa hivyo, na zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa.

Filta imelowa

Filta yenye maji itupe, usiianike. Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Cha kawaida ni bomba la kutolea maji ya koili kuziba kwa ute. Mimina maji kikombe kimoja kwenye sinia la koili kama linafikika, uone kama yanashuka. Kama hayashuki, fyonza kwa mashine ya vumbi inayoweza kuvuta maji, kutokea mwisho wa nje wa bomba.

Chanzo cha pili hakitajwi sana. Kwenye mashine nyingi sinia la maji liko upande wenye mvuto wa feni. Bomba lake linatakiwa kuwa na kipinda chenye maji ndani, kama kile cha sinki. Kipinda kikikosekana au kikiwa kifupi, filta nzito inaongeza mvuto kiasi kwamba hewa inapanda bombani na maji yanashindwa kushuka. Mtu atasema "ilikuwa sawa mpaka nilipobadilisha filta", na atakuwa anasema kweli.

Ukiona ukungu kwenye koili au kwenye sufi ya ndani ya dakti, usipulizie dawa ya madoa. Sufi iliyoota ukungu haisafishiki, inabadilishwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Harufu

Filta ya chembe haizuii harufu, kwa sababu harufu ni gesi. Kwa hiyo MERV 13 mpya na harufu ya rangi bado ipo si hitilafu. Gesi hukamatwa na kaboni amilifu, na wingi wake ndio unaofanya kazi: zulia jembamba lililonyunyiziwa unga mweusi hujaa upesi, wakati kasha lenye kilo kadhaa za punje hudumu. Kuondoa chanzo na kufungua madirisha kunashinda vyote viwili.

Harufu ya soksi chafu mashine inapowaka hutoka kwenye koili yenye tope. Harufu ya plastiki inayoungua: breka, sasa hivi, kisha fundi. Harufu ya gesi ya kupikia au kupashia: usiguse swichi yoyote, toka nje na wote mlio nao, piga simu ya dharura mkiwa nje. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa watu kadhaa kwa pamoja, vinavyopungua mkitoka nje, vichukulie kama kaboni monoksaidi mpaka ithibitike vinginevyo.

Mashine za umeme tuli na taa za UV

Zile zinazokamata vumbi kwa sahani zenye chaji hupiga cheche mara mojamoja mdudu anapoingia. Zikipiga mfululizo, sahani ni chafu, zimerudishwa zikiwa na maji, au waya mwembamba umekatika. Zima, subiri dakika chache ndipo uchomoe, kwa sababu ndani kuna volti elfu kadhaa. Osha, kausha siku nzima. Zikiendelea, acha kutumia na umpe fundi.

Harufu kali kama ya hewa baada ya radi ni ozoni, na ozoni inaumiza mapafu. Mashine inayoitoa kiasi cha kunuswa izimwe. Kikomo cha California kwa visafisha hewa ni sehemu 0.050 kwa milioni. Mimi sinunui kabisa mashine inayotangaza ozoni kama sifa.

Taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno, hufifia wakati bado inawaka rangi ya buluu, kwa hiyo badilisha kwa saa ilizotumika ambazo mtengenezaji ameandika. Usiitazame ikiwaka.

Taa ya onyo haizimi, au kipimo cha hewa kinapiga kelele

Taa nyingi za "badilisha filta" zinahesabu saa tu, haziioni filta. Shikilia kitufe cha kurudisha sifuri. Kipimo cha bei nafuu cha PM2.5, yaani chembe za hadi mikroni 2.5, nacho kina udhaifu wake: mvuke wa bafuni au wa sufuria unasomeka kama vumbi. Kiweke chumba cha kulala, mbali na jiko, ulinganishe usiku mmoja feni ikizunguka na usiku mwingine feni ikiwa imezimwa. Usiku wa pili ukisoma sawa na wa kwanza, rudi kwenye wanja wa kwenye fremu.

Unapomwita fundi, mwandalie haya kwenye karatasi: ukubwa wa filta uliopima mwenyewe, daraja lake, tarehe uliyoiweka, joto la hewa inayoingia na inayotoka, na tishu ilivyofanya ikiwa na filta na bila filta. Filta chafu usiitupe kabla hajaiona.